Mlozi wa Bombo: majani tele, ua hakuna

Mti wenyewe uko Bombo, wilaya ya Luweero, Uganda, nyuma ya jiko la mama mmoja ambaye hapa nitamwita Hajati tu. Una miaka sita. Umeshalipita paa la mabati, na mchana kivuli chake kinatosha mkeka mzima wa wajukuu. Haujawahi kutoa ua hata moja. Umewekewa mbolea ya kuku, umemwagiliwa, umepigwa panga, na kijana mmoja wa nyumbani, aliyesoma kwenye simu kwamba mlozi hupenda baridi, aliuzungushia vipande vya barafu shinani wiki nzima. Hajati aliponiita hakuniuliza kama mti utazaa. Aliuliza, "Mwanangu, mti huu nimeukosea nini?"

Ninakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu swali lake nalisikia mara nyingi, Kampala, Jinja, hata Mbale, kutoka kwa watu walioleta kokwa la nchi ya mbali wakalipenda kama mtoto. Mti ukikataa kuzaa, wanajilaumu wao. Kisha lawama inageuka dawa, na dawa inaanza kuuumiza mti. Hajati hakuunyima mti wake kitu chochote ambacho mtu wa Bombo angeweza kuupa. Majeraha niliyoyakuta yote yalitokana na kuutibu.

Nilichokikuta

Mbolea ya kuku, mbichi, ilikuwa imerundikwa shinani hadi kufika magotini. Nilipoifukua, gome la chini lilikuwa jeusi na laini, na nikilibonyeza kwa kidole gumba maji yanatoka. Juu kidogo palikuwa na alama za panga, mpya na za zamani. Wengi mnaijua desturi hiyo: mwembe au mparachichi ukigoma, unatishwa kwa panga ili ukumbuke kazi yake. Katika kila jeraha utomvu wa rangi ya asali ulikuwa umetoka ukaganda. Majani mengi yalikuwa na vitundu vidogo vya mviringo, kingo zake kahawia. Matawi yalikuwa marefu, membamba, yamesimama wima kuelekea juu, na majani yake ya kijani kilichokolea sana.

Nilitafuta vijitawi vifupi vinene, vile vya urefu wa kidole au chini yake, ambavyo ndivyo mlozi hubebea maua yake. Nilivikuta vichache. Matumba yake yalikuwa membamba na yamechongoka, ambayo ni matumba ya majani. Tumba la ua huwa nene, la duara kidogo. Hilo sikuliona popote.

Je, ni mlozi kweli?

Swali hili lazima litangulie, kwa sababu Afrika Mashariki mti unaoitwa mlozi mara nyingi ni mkungu, ule wa pwani wenye matawi yaliyopangika ghorofa kwa ghorofa na majani mapana yanayogeuka mekundu kabla ya kuanguka. Jina lake la kitaalamu ni Terminalia catappa. Hauna undugu na mlozi hata kidogo, ingawa kiini chake kinalika na ladha yake inakaribia. Mkungu hauhitaji baridi. Kama wa Hajati ungekuwa mkungu, kesi ingekuwa nyingine kabisa.

Wake una majani membamba, marefu, yenye kingo za meno madogo, sawa na ya mpichi. Nililifikicha moja na kulinusa: harufu ile ya lozi ikaja. Mlozi, Prunus dulcis, ni wa ukoo mmoja na mpichi na mplamu, na kwa majani peke yake mlozi na mpichi vinaweza kumchanganya hata mzoefu. Kilichomaliza ubishi ni maganda. Hajati alikuwa ameyahifadhi kwenye kopo la chai, kwa sababu makokwa yale aliyanunua sokoni Madina alipokwenda kuhiji. Ganda la mbegu ya pichi lina mifereji mirefu iliyochimbika. Haya yalikuwa bapa, ya kahawia hafifu, yenye vitundu vidogo vidogo. Ni lozi, bila shaka.

(Atakayetaka kuleta kokwa lake ajue kwamba sheria inataka kibali cha Wizara ya Kilimo, Entebbe, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi linakotoka. Si urasimu mtupu. Magonjwa ya mimea husafiri ndani ya mbegu na udongo, na yakishaingia hayarudi.)

Friji ya soda

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo lililofungua kisa chote. Nilimwuliza Hajati makokwa yale aliyaotesha vipi, maana malozi ya kununua mara nyingi hayaoti. Yaliyokaangwa, yaliyopitishwa kwenye mvuke wa moto au yaliyomenywa ngozi yamekufa. Hata yale mabichi yenye uhai, ukiyafukia tu kwenye udongo wa Bombo, mengi yatakaa mpaka yaoze.

Alisimulia hivi. Ramadhani ilikuwa imekaribia, akapasua makokwa kadhaa, akaviloweka viini ili avichanganye na maziwa. Vingine vilizidi. Akavifunga kwenye kitambaa kibichi, akavisukuma nyuma ya chupa kwenye friji ya soda ya duka lake, akavisahau. Ramadhani ikaisha, Idi ikapita. Siku ya kusafisha friji akakiona kitambaa, akakifungua, na viini vitatu vilikuwa vimetoa mzizi mweupe. Akavipanda kwenye makopo ya maziwa. Mche mmoja ulikauka, mmoja uliliwa na mbuzi, na wa tatu ndio huu.

Pasipo kukusudia, Hajati aliifanyia mbegu kile ambacho watu wa vitalu huifanyia kwa makusudi. Mbegu ya lozi hulala. Ili iamke inataka unyevu pamoja na ubaridi wa friji, nyuzi joto 4 hivi, kwa wiki nne hadi nane. Ndiyo kinga yake huko kwao: ikidondoka wakati wa vuli, yaani majira ya kupukutika majani kabla ya baridi, isiote papo hapo, isubiri hadi kipupwe kipite, maana mche mchanga ukichipua kabla ya theluji utakufa. Friji ya duka la Bombo iliipa mbegu kipupwe cha uongo, ikaamka.

Lakini mti wenyewe nao unalala, na unataka kipupwe chake kila mwaka. Huo hauingii kwenye friji.

Washukiwa niliowaondoa

Umri: hapana. Mlozi uliopandikizwa huanza kutoa maua mwaka wa tatu au wa nne, na uliotoka kwenye mbegu huchelewa kidogo. Miaka sita, kwa mti mkubwa kiasi hiki, inatosha.

Njaa ya ardhi: hapana, tena kinyume chake. Kijani kile kilichokolea na matawi yale ya wima ni dalili za naitrojeni iliyozidi. Mbolea ya kuku ni kali. Huusukuma mti kutengeneza majani na matawi, na mti unaokimbilia majani hautengenezi matumba ya maua kwa urahisi. Kuiongeza kila msimu kulizidisha tatizo.

Upweke: majirani walimwambia kwamba mti hauzai kwa sababu uko peke yake. Hili lina ukweli, ila limewekwa mahali pasipo pake. Mlozi wa kawaida haukubali chavua yake mwenyewe. Huko California, ambako hutoka sehemu kubwa mno ya malozi yote yanayouzwa duniani, mistari ya aina iitwayo Nonpareil hupandwa kwa kupokezana na aina nyingine zinazochanua wakati mmoja nayo, na kila Februari mizinga zaidi ya milioni moja hupelekwa mashambani ili nyuki wahamishe chavua. Zipo aina chache zinazojitosheleza, kama Tuono ya Italia. Lakini ukosefu wa mwenzi hufanya ua lidondoke bila kushika tunda. Haufanyi ua likose kutokea. Mti usiozaa na mti usiotoa ua ni kesi mbili, na anayezichanganya atatafuta nyuki wakati hakuna ua la nyuki kutua.

Ugonjwa: upo, ila haukuanzisha tatizo. Vitundu vya majani ni ukungu unaoshambulia jamii ya mipichi na milozi mahali penye mvua nyingi. Doa hukauka, kisha hudondoka na kuacha tundu. Hupunguza nguvu za mti, lakini hauwezi kueleza miaka yote hii bila tumba moja.

Baridi isiyokuja

Mlozi ni mti wa nchi zenye misimu miwili iliyotengana waziwazi: kipupwe cha mvua na baridi, na kiangazi kirefu, kikavu, chenye jua kali. Asili yake ni Iran na nchi jirani za Asia. Wakati wa kiangazi mti huanza kutengeneza matumba ya mwaka unaofuata. Vuli ikifika hupukutisha majani na matumba hulala. Ndani ya tumba kuna kama hesabu inayoendelea: saa zinazopita kwenye baridi, kwa kawaida chini ya nyuzi joto 7 hivi, hujumlishwa. Siku za joto zikiingia katikati, baadhi ya hesabu hiyo hufutika. Aina nyingi za mlozi hudai kati ya saa 200 na 600. Jumla ikitimia, joto la kwanza linalofuata linafungua maua, tena kabla ya majani.

Kampala na Bombo ziko mita elfu moja na zaidi juu ya usawa wa bahari, na bado usiku wa kawaida hushuka hadi nyuzi 17 hivi tu. Saa chini ya nyuzi 7 ni sifuri. Si chache, ni sifuri, mwaka hadi mwaka. Isitoshe, hapa tuko karibu na ikweta, mchana na usiku karibu ni sawa mwaka mzima, kwa hiyo mti hauoni siku zikifupika wala hauambiwi kwamba vuli imefika. Matokeo yake ndiyo niliyoyakuta: majani hayapukutiki yote kwa pamoja, ncha za matawi zinaendelea kurefuka, matumba ya pembeni yanabaki yamefumba, na mti unakua juu bila kuacha.

Kijana wa barafu alikuwa amelisoma jambo la kweli. Mti unahitaji baridi. Ila baridi hiyo huhesabiwa na matumba yenyewe, kule juu kwenye matawi. Ukipoza udongo, matumba hayapati habari. Na maji ya barafu yakimiminikia shina lililozikwa kwenye mbolea mbichi yanazidisha uozo. Kijana huyo nilimsifu mbele ya bibi yake, kwa sababu katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyekuwa ameikaribia sababu.

Hajati akauliza swali zuri: basi mitufaa ya Kabale? Aliwahi kuona matufaa yaliyolimwa Uganda, na tufaa nalo ni tunda la baridi. Ni kweli. Katika vilima vya Kigezi, kuzunguka Kabale, ambako kituo cha utafiti wa kilimo cha Kachwekano kimeyashughulikia matufaa kwa miaka mingi, wakulima wanavuna. Lakini yapo mambo matatu yanayowasaidia. Wako juu, karibu mita 1,900 na zaidi, na usiku wao hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Walichagua aina zinazodai baridi kidogo, hasa Anna, iliyozalishwa Israel, na Dorsett Golden, yenye asili ya Bahamas. Kisha, baada ya mavuno, hupukutisha majani kwa mkono na kuyainamisha matawi. Mti ukivuliwa majani kabla matumba hayajazama kwenye usingizi mzito, huchipua upya na kutoa maua bila kupitia kipupwe. Wakulima wa Batu, Java Mashariki, Indonesia, nao wanavuna matufaa kwenye joto kwa njia hiyohiyo.

Mlozi wa Hajati hauna hata moja kati ya hayo. Ni wa mbegu, kwa hiyo hakuna aina iliyochaguliwa. Bado, kwa kuwa alinisihi, tulijaribu tawi moja mwanzo wa kiangazi cha Desemba: tukaling'oa majani yote kwa mkono, tukaliinamisha kwa kamba na jiwe. Lilichipua vizuri baada ya wiki chache. Majani matupu.

Na kama ungechanua?

Hapa nataka kusema wazi, maana matumaini nusu ni ghali kuliko kukata tamaa. Tuseme muujiza umetokea na maua yamefunguka. Yangekosa chavua ya mlozi mwingine, kwa hiyo karibu yote yangedondoka. Machache yakishika, tunda la mlozi huchukua miezi mingi kukomaa, na linapokomaa ganda lake la nje, lile la kijani, hupasuka lingali mtini ili kokwa likauke kwa jua. Bombo ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba au zaidi. Ganda litakalopasuka kwenye unyevu litaingiwa na ukungu, na baadhi ya kuvu hao ni walewale wanaoacha sumukuvu kwenye karanga na mahindi. Mtu wa Luweero anayeanika mahindi anayajua haya.

Kwa hiyo nilimwambia Hajati kwamba mlozi huu hautampa malozi. Alikaa kimya, kisha akasema, "Basi uishi tu. Umetoka Madina."

Mwanawe alikuwa anataka ukatwe ili pajengwe choo cha wapangaji. Mimi nilikuwa upande wa mama. Mti wenye kivuli karibu na jiko, kwenye ua wa mabati na saruji, una thamani hata usipozaa, na huu ungeweza kupona.

Tulichoufanyia

Kwanza mbolea yote iliondolewa shinani, ikatandazwa migombani ilikofaa zaidi. Gome la chini liliachwa wazi lipigwe na hewa mpaka ilipoonekana mizizi ya kwanza inapotoka kwenye shina. Matandazo ya majani makavu yaliwekwa kuanzia umbali wa hatua moja kutoka shinani. Maji ya jikoni yaliyokuwa yakitiririkia hapo yalichimbiwa mfereji yaende kwingine, maana mizizi ya mlozi haivumilii kusimama majini.

Panga lilipigwa marufuku. Vidonda vya zamani tuliviacha hadi kiangazi, kisha nikasafisha kingo zake kwa kisu kikali kilichopitishwa motoni, nikakata sehemu iliyokufa tu, sikupaka rangi wala saruji. Utomvu ule ndivyo mti wa jamii hii unavyojibu jeraha. Haukamuliwi wala haukwanguliwi kila siku. Matawi ya wima yaliyosongamana katikati tuliyapunguza, kiangazi hichohicho, ili upepo upite na majani yakauke haraka baada ya mvua. Majani yenye vitundu yanayodondoka hufagiwa na kuchomwa, yasiachwe yawe matandazo. Mbolea yoyote imesimama mpaka ukuaji upungue.

Msimu uliofuata gome jeusi lilikuwa limekauka na pembeni mwake tishu mpya ilikuwa inaziba. Hilo nililiona kwa furaha kubwa.

Kwa malozi ya Ramadhani, ushauri wangu ulikuwa makadamia. Inatoka Queensland, Australia, haidai kipupwe, inakubali mwinuko kama wa Luweero na Mukono, na mche uliopandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka minne au mitano hivi. Ipandwe miwili ya aina tofauti, mita nane kutoka ukutani, na inunuliwe kitaluni penye uhakika wa pandikizi, siyo ya mbegu. Kwa mwenye kiwanja kikubwa upo pia muwafu wetu wenyewe, ambao tunda lake, empafu, Waganda huliloweka kwenye maji ya moto na kulila. Ni mti wa msituni, mkubwa kweli, kwa hiyo nyuma ya jiko si mahali pake. Hajati alichagua makadamia, miwili, upande wa barabara.

Jambo la mwisho nililomweleza mbele ya familia yote, na nililirudia kwa wajukuu. Mti wa mbegu si lazima ufanane na tunda ulikotoka. Utamu wa lozi unatawaliwa na jeni moja, na wazazi wawili watamu wanaweza kubeba uchungu kwa siri na kumpa mtoto. Lozi chungu lina kemikali ambayo ikitafunwa huachia sayanidi, sumu ileile ya muhogo mchungu usioandaliwa, na punje chache zinaweza kumwua mtoto. Basi ikitokea siku yoyote mti huu ukashika tunda, mtoto asiguse. Mtu mzima alipasue la kwanza, aguse kipande kidogo kwa ncha ya ulimi, ateme, asukutue. Likiwa chungu, yote yachumwe na kufukiwa shimoni, na mti uendelee kutoa kivuli.